Ruzuku, Mchango na Ubia: Fedha za Mashinani na Elimu ya Mwanafunzi katika Bonde la Lambwe

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mkono mmoja haulei mwana. Hapana shaka kwamba waliposema hivyo hawakuwa na karo, ada ya mtihani wala tangi la maji akilini mwao. Hata hivyo, busara yao inagusa kiini cha suala ambalo kila mzazi wa mashinani analifahamu: mtoto husoma shuleni, lakini humudu kubaki shuleni kwa nguvu za watu walioizunguka shule hiyo.

Makala haya yana azma ya kufafanua jinsi fedha za umma zinazotolewa mashinani, yaani basari, ruzuku za shule na miradi ya hazina ya eneo bunge, zinavyoweza kuwaunganisha walimu, wazazi na majirani kwa manufaa ya mwanafunzi. Eneo linaloangaziwa ni Bonde la Lambwe katika Kaunti ya Homa Bay, karibu na mpaka wa Kaunti ya Migori. Hoja inayotetewa ni kwamba fedha hizi hazizai ushirikiano kwa kutolewa tu. Huuzaa pale majirani wanapoacha kuzipokea kama riziki itokayo juu, wakaanza kuzihesabu kama mali yao. Aidha, makala yanadai kuwa kizingiti kimojawapo kikubwa katika safari hiyo ni lugha, na kwa hivyo suala hili linatuhusu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili kuliko tunavyodhani.

Istilahi tatu

Kabla ya kuendelea, ni muhimu tuyachunguze maneno matatu yatakayotumika. Neno la kwanza ni ruzuku. Asili yake ni Kiarabu, na ni la ukoo mmoja na neno riziki. Katika matumizi ya kale, anayeruzuku ni Mwenyezi Mungu: huwapa viumbe wake mahitaji yao kwa rehema zake, na kiumbe hana haki ya kumdai hesabu. Serikali zetu zilipolichukua neno hili kuwa istilahi ya fedha zinazopewa shule, lilikuja na kivuli cha maana hiyo ya awali. Anayepokea ruzuku hushukuru, haulizi.

Neno la pili ni mchango, litokanalo na kitenzi changa. Mchango haushuki kutoka juu. Hutoka kando, kwa wenzi walio sawa, kila mmoja akitoa alicho nacho. Kwa sababu hiyo mchango huandikwa: fulani katoa shilingi mia mbili, fulani katoa kuku, fulani kaahidi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kila aliyetia haba yake hukikumbuka kibaba hicho na hutaka kujua kilikopelekwa.

Neno la tatu ni ubia. Mbia ni mtu anayeshirikiana na mwenzake katika mali au kazi, wakagawana faida na hasara. Ubia basi unahitaji mambo mawili ambayo ruzuku peke yake haina: kila upande ujulikane umeleta nini, na kila upande uwe na haki ya kuuliza. Swali la makala haya ni hili: ruzuku inawezaje kukutana na mchango hata ukazaliwa ubia?

Bonde na shule zake

Lambwe ni bonde lililolazwa baina ya miteremko ya Kanyamwa na vilima vya Gwassi na Ruri, si mbali na Ziwa Victoria. Kiutawala, wadi inayoitwa Lambwe imo katika eneo bunge la Suba Kaskazini, ambalo zamani liliitwa Mbita. Lakini bonde lenyewe ni pana kuliko wadi hiyo. Katika bonde hili ndimo ilimo Hifadhi ya Taifa ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 120. Hifadhi hiyo ilianza kama pori la wanyama mwaka 1966 na kupandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Wageni huijia kumtazama swala aina ya korongo, ambaye nchini Kenya hapatikani porini kwingineko.

Kwa wenyeji, hata hivyo, jina la Lambwe lilihusishwa kwa muda mrefu na mbung'o na ugonjwa wa malale. Hofu ya mdudu huyo iliwaweka watu mbali na sehemu kubwa ya bonde kwa miaka mingi. Mpango wa kuwapa watu makazi ulianzishwa katika miaka ya 1960, na mapema katika miaka ya 1980 malale ilizuka tena na kuwasumbua wakazi. Historia hii ina maana kwa elimu. Jamii nyingi za bonde ni za watu waliohamia, waliolima ardhi mpya na kujenga shule kwa mikono yao, katika mahali ambapo ng'ombe alikuwa akifa kwa nagana na shamba likivamiwa na wanyama. Familia ya namna hiyo inaweza kuwa na chakula lakini isiwe na fedha taslimu mwezi wa Januari, ambao ndio mwezi wa karo.

Kilugha, bonde hili ni la Kiluo kwa sehemu kubwa. Kisuba, lugha ya Wasuba, kimemezwa na Kiluo kwa vizazi kadhaa, ingawa zimekuwapo juhudi za kukifundisha shuleni. Kiswahili husikika sokoni, kanisani, katika baraza la chifu na darasani. Kiingereza hukaa ofisini na katika karatasi. Mpangilio huu wa lugha tutaurejea, kwa sababu fedha za elimu hupita njia hiyo ya karatasi.

Kutoka harambee hadi hazina ya eneo bunge

Jamii za Nyanza hazikufundishwa ushirikiano na serikali. Waluo walikuwa na saga, mwito wa majirani kuja kumsaidia mwenzao shambani, naye akawaandalia chakula. Walikuwa pia na rika, kikundi cha kufanya kazi kwa zamu katika shamba la kila mwanachama. Hadi leo kina mama huendesha nyoluoro, yaani kuchangizana fedha kwa zamu. Mambo haya yanafanana na ujima wanaouzungumzia Waswahili.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, Mzee Jomo Kenyatta aliutwaa mwito wa Kiswahili wa kuvuta kitu kizito kwa pamoja, harambee, akaufanya kaulimbiu ya taifa. Neno hilo limeandikwa katika nembo ya Jamhuri. Wananchi walilipokea kwa vitendo, na tunda lake lililoonekana zaidi lilikuwa shule za sekondari za harambee, ambazo kufikia mwisho wa miaka ya 1960 zilikuwa nyingi kuliko zile za serikali.

Lakini harambee ilibadilika. Kadiri miaka ilivyopita, jukwaa lilitawaliwa na mgeni wa heshima, na kiasi alichotoa kikawa habari kuu ya siku hiyo. Jirani aliyeleta shilingi hamsini alijiona hana usemi. Katika baadhi ya sehemu michango ilikatwa kwa lazima. Ndiyo maana Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ilimkataza afisa wa umma kutumia cheo chake kuwashurutisha watu kutoa mchango. Mchango ulikuwa umepoteza sifa yake ya kutoka kando. Nao ulikuwa umeanza kushuka kutoka juu.

Mwaka huohuo wa 2003 ulileta mageuzi mengine mawili. La kwanza ni elimu ya msingi bila malipo, ambapo kila mwanafunzi wa shule ya msingi alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka. La pili ni sheria iliyounda Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge. Sheria hiyo iliamuru kwamba angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali ipelekwe katika maeneo bunge, ambayo wakati huo yalikuwa 210. Robo tatu ya fedha hizo iligawanywa sawa kwa sawa, na robo iliyosalia kwa kuzingatia kiwango cha umaskini. Kutokana na hazina hiyo madarasa yalijengwa, madawati yakanunuliwa na basari zikatolewa. Mwaka 2008 serikali ilianza pia kugharimia masomo katika shule za sekondari za kutwa kwa shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi, kiasi ambacho mwaka 2018 kilifikia shilingi 22,244.

Hazina ya maeneo bunge imepitia misukosuko ya kisheria. Tarehe 8 Agosti 2022 Mahakama ya Upeo ilitamka kuwa sheria ya mwaka 2013 iliyoiongoza ilipingana na Katiba, hasa kwa kuchanganya kazi ya mbunge na kazi ya utekelezaji. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi wa aina hiyo kuhusu sheria ya mwaka 2015. Hatuna nafasi ya kuijadili kesi yenyewe. Linalotuhusu ni kwamba swali lililofikishwa mahakamani ni lilelile la mwanakijiji: fedha hizi ni za nani, na nani ana haki ya kuzitolea hesabu?

Fedha zinavyosafiri

Mtu anayesikia kwamba shule imepata fedha huenda asijue kuwa fedha hizo hupita katika mikondo tofauti, na kila mkondo una mlango wake wa kuulizia. Tuitazame mikondo mitatu.

Mkondo wa kwanza ni ruzuku ya mwanafunzi. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, kila shule ilitakiwa kuwa na akaunti mbili za benki. Moja iliitwa SIMBA, ya kununulia vitabu, kalamu na vifaa vingine vya kufundishia. Ya pili ilikuwa akaunti ya matumizi ya jumla, kama vile ukarabati, maji na mshahara wa bawabu. Katika zile shilingi 1,020, shilingi 650 ziliingia akaunti ya kwanza na 370 akaunti ya pili. Mzazi aliyejua hesabu hii fupi aliweza kuzidisha 370 kwa idadi ya wanafunzi na kujua shule ilitarajiwa kuwa na kiasi gani cha kurekebisha paa. Asiyeijua alingoja aambiwe.

Mkondo wa pili ni mradi wa jamii. Sheria ya Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge ilisisitiza kuwa mradi uwe wa jamii na uwafae watu wengi. Sheria ya 2003 ilimtaka mbunge aitishe mikutano ya lokesheni katika mwaka wa kwanza wa Bunge jipya, na baada ya hapo angalau mara moja kila miaka miwili, ili wananchi wajadili maendeleo yao. Mradi ulikabidhiwa kamati ya usimamizi. Hapa ndipo jirani asiye na mtoto shuleni alipokuwa na nafasi ya kuingia.

Mkondo wa tatu ni basari, ambayo humfuata mwanafunzi mmoja mmoja. Huombwa kwa fomu, hujadiliwa na kamati, kisha hundi hupelekwa shuleni kwa jina la mwanafunzi. Kati ya mikondo yote, huu ndio unaomgusa mzazi moja kwa moja, na ndio unaotegemea zaidi uwezo wa kusoma na kuandika.

Mbali na mikondo hiyo, upo uongozi wa shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliweka halmashauri ya usimamizi yenye wawakilishi sita waliochaguliwa na wazazi, wawakilishi wa mfadhili wa shule, mwakilishi wa walimu, mtu mwenye mahitaji maalumu na mwakilishi wa makundi yenye maslahi katika jamii. Baraza la wanafunzi nalo huwa na mjumbe wake. Kwa hivyo sheria imeandaa kiti cha jirani. Kukikalia ni jambo jingine.

Ushahidi kutoka kwa majirani

Ili kuonyesha kwamba kujua na kuuliza hubadilisha matokeo, yafaa tutoke Lambwe kwa muda na kutazama mifano mitatu iliyochunguzwa na watafiti katika sehemu zinazofanana nayo.

Mfano wa kwanza ni wa Uganda. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku ya shule za msingi na kugundua kuwa kati ya mwaka 1991 na 1995 shule zilifikiwa, kwa wastani, na asilimia 13 tu ya fedha zilizotengwa. Baada ya habari hiyo kujulikana, serikali ilianza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kiasi kilichopokewa. Kufikia mwaka 2001 kiwango kilichofika shuleni kilikuwa kimepanda hadi kiasi cha asilimia 80. Haingefaa kudai kuwa magazeti pekee yalileta badiliko hilo, kwani mageuzi mengine yalikuwa yakiendelea. Hata hivyo, watafiti waliona kwamba shule zilizokuwa karibu na mahali gazeti lilipouzwa zilinufaika zaidi.

Mfano wa pili unatoka magharibi mwa Kenya. Mwaka 2005, kati ya shule 210 za msingi zilizoshirikishwa katika utafiti wa Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer, shule 140 zilipewa fedha ili kamati ya shule iajiri mwalimu wa ziada kwa mkataba wa mwaka mmoja. Wanafunzi waliofundishwa na walimu hao wa mkataba walifanya vizuri zaidi. Lakini dosari ilijitokeza: baadhi ya walimu wa serikali walilegea, na baadhi ya nafasi zikapewa jamaa zao. Katika nusu ya shule zilizopata fedha, wazazi walipewa mafunzo mafupi ya namna ya kumchagua mwalimu na kumfuatilia. Huko dosari hizo zilipungua. Fedha zilikuwa zilezile. Kilichotofautiana ni ujuzi wa wazazi juu ya haki yao.

Mfano wa tatu unahusu wilaya za Busia na Teso. Kuanzia mwaka 2001, shirika moja lisilo la kiserikali liliwatuza wasichana wa darasa la sita waliokuwa katika asilimia 15 ya juu ya mtihani. Kwa miaka miwili, kila mmoja alilipiwa shilingi 500 shuleni kila mwaka, na familia yake ikapewa shilingi 1,000 za sare na vifaa. Alama za wasichana zilipanda, na mahudhurio ya walimu yakaimarika, hususan katika Busia. Kule Teso mambo yalikwenda vingine. Mwaka huohuo radi ilipiga shule moja na kuwaua wanafunzi saba. Shule hiyo haikuwa katika mpango wa tuzo, lakini ilikuwa imewahi kupata msaada mwingine wa shirika lilelile. Baadhi ya wananchi waliihusisha radi na shirika hilo, na baadhi ya shule zikajitoa. Msomaji anaweza kuliita jambo hili ushirikina na kuliacha hapo. Mwandishi wa makala haya analiona kama somo: pale ambapo fedha zimekuja bila kueleweka zimetoka wapi na zinataka nini, pengo hilo la maelezo hujazwa na hofu.

Lugha kama kizingiti

Tukirudi Lambwe, naomba msomaji aniwie radhi nitoe ushahidi wa nafsi yangu. Nilipoitwa kidato cha kwanza, baba alipata fomu ya basari siku nne kabla ya mwisho wa kupokea maombi. Fomu ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Baba, aliyesoma hadi darasa la nne, alinikabidhi akasema, "Nisomee, mwanangu, wanataka nini?" Nami, niliyekuwa nimefaulu mtihani wa Kiingereza wiki chache tu zilizopita, nilielewa nusu. Palipoulizwa sababu ya kuomba tuliandika neno moja: umaskini. Sehemu iliyotaka viambatisho tuliipita. Fomu ilirudi kwa kukosa ukurasa mmoja, na ilirudi muda ukiwa umekwisha.

Aliyeniokoa ni nyoluoro ya mama. Zamu haikuwa yake. Ilikuwa ya jirani yetu, ambaye bintiye alikuwa darasa la nane. Jirani huyo alisema, "Mtoto wenu ni wetu, aende." Baadaye tulikuja kujua kwamba alilazimika kuuza mbuzi ili ada ya mtihani wa bintiye isichelewe. Mimi niliripoti shuleni nikiwa nimechelewa majuma matatu. Kwa hivyo kosa la karatasi moja lililipwa na nyumba ambayo haikuwa imeomba chochote. Simlaumu mtu yeyote kwa jina. Ninachosema ni kuwa ushirikiano wa majirani ulikuwapo, na fedha za umma zilikuwapo, lakini viwili hivyo havikukutana kwa sababu hapakuwa na lugha baina yao.

Sheria yenyewe haiungi mkono hali hii. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaongeza kwamba katika kusambaza habari, taasisi ya umma izingatie lugha ya mahali na njia ya mawasiliano inayofaa zaidi hapo. Kwa hivyo fomu ya basari iliyoandikwa kwa lugha anayoielewa mzazi ni jambo la haki, si hisani.

Fauka ya hayo, lugha huathiri mtazamo. Sikiliza jinsi mradi unavyozungumzwa katika mkutano: "Mheshimiwa ametuletea darasa." Sentensi hii ina mtenda mmoja, na wengine wote ni watendewa. Kiambishi -tu- kimetuweka mahali pa kupokea. Kisarufi haina kosa. Kimaana imeficha kodi ya muuza samaki na mchanga uliobebwa na wazazi. Ukisema, "Tumejenga darasa kwa fedha za umma na mchanga wetu," kiambishi kilekile kimehama kutoka nafasi ya mtendewa hadi nafasi ya mtenda, na pamoja nacho imehama haki ya kuuliza. Mwanafunzi wa sarufi anajua umbali uliopo baina ya nafasi hizo mbili.

Namna ya kuuunda ubia

Je, ubia hujengwaje? Tuchukue mfano wa kubuni. Shule moja ya kutwa bondeni inahitaji tangi la maji, kwa sababu wasichana hutoka darasani kwenda kuteka maji mtoni. Mradi umepewa ruzuku ya shilingi 300,000. Katika hali ya kawaida mkandarasi angekuja, akajenga, akaondoka, na ufunguo ukabaki kwa mtu mmoja. Katika hali ya ubia, mambo manne hufanyika.

Kwanza, majirani wote huitwa, hata wasio na watoto shuleni, na kiasi hutajwa kwa sauti, kwa Kiluo na kwa Kiswahili. Pili, kila upande hutaja unacholeta, na vyote huandikwa katika daftari moja: ruzuku 300,000, mchanga na mawe yenye thamani ya 40,000, siku 50 za kazi za wazazi, kila siku ikihesabiwa shilingi 400, yaani 20,000. Jumla ni 360,000. Mzazi aliyechimba msingi anaona kazi yake imeandikwa kando ya hundi. Tatu, stakabadhi za manunuzi hubandikwa kwenye ubao wa matangazo pamoja na maelezo mafupi kwa lugha ya mahali. Nne, hukubaliwa mapema nani atatumia maji hayo wakati wa likizo, nani atalipia bomba likiharibika, na nani atashika ufunguo.

Hatua ya nne ndiyo husahaulika mara nyingi, nayo ndiyo humlinda mwanafunzi. Tangi ambalo jirani ana haki nalo wakati wa kiangazi litalindwa naye usiku. Vivyo hivyo kwa basari: kikundi cha nyoluoro kinachojua tarehe ya fomu na viambatisho vinavyotakiwa kinaweza kuwakumbusha wanachama wake mapema, na akiba yao ikatumika kwa yule ambaye kweli amekosa.

Ni kweli kwamba zipo hatari. Mchango unaweza kugeuzwa kuwa sharti, na mtoto wa asiyeleta mawe akafukuzwa. Hilo halikubaliki, kwa kuwa kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Mchango wa jirani ni wa hiari, na asiye nao asiulizwe mbele ya watu. Hatari nyingine ni serikali kutegea, ikaona kwamba wananchi wanajiweza. Daftari lililoelezwa hapo juu husaidia hata hapo, kwani huonyesha wazi ni upande upi haujatimiza sehemu yake.

Hitimisho

Makala haya yamefafanua maana ya ruzuku, mchango na ubia, yakaonyesha mikondo ya fedha za elimu mashinani, na kutoa ushahidi kwamba fedha hufanya kazi vizuri zaidi pale wazazi na majirani wanapojua na kuuliza. Imebainika pia kuwa katika Bonde la Lambwe moyo wa kusaidiana haujapungua. Kilichokosekana aghalabu ni maelezo kwa lugha inayoeleweka.

Ni pendekezo la mwandishi kwamba vyama vya wanafunzi wa Kiswahili visiishie kwenye makongamano na mashindano ya insha. Kila mwezi wa Desemba wengi wetu hurudi nyumbani, na fomu za basari hutolewa karibu na wakati huohuo. Mwanafunzi mmoja anaweza kuitafsiri fomu ya eneo bunge lake kwa Kiswahili chepesi, akaomba dakika kumi katika baraza la chifu, akaisoma kipengele kwa kipengele na kuwaachia kina mama wa kikundi nakala yenye orodha ya viambatisho. Kazi hiyo haihitaji ruzuku. Inahitaji kalamu, karatasi na mtu anayezijua lugha mbili.

Mimi nimeanza kuitafsiri ile iliyotushinda mimi na baba. Yule jirani ana mjukuu ambaye karibuni ataanza shule ya sekondari, na ningependa safari hii asiuze mbuzi.